Umeme si uchawi: Betri moja na waya mmoja vyatosha kuanza somo

JE, mpenzi msomaji, ukipewa betri moja ya tochi, balbu ndogo na kipande kimoja tu cha waya, unaweza kuiwasha balbu hiyo?

Usiharakishe kujibu. Mwaka wa 1997 huko Marekani, filamu ya elimu kwa jina Minds of Our Own iliwaonyesha wahitimu wa chuo mashuhuri cha teknolojia cha MIT wakiulizwa swali hili siku ya kufuzu kwao, wangali wamevaa majoho. Baadhi yao walijaribu hivi na vile, balbu ikakataa kabisa kuwaka.

Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefaulu mitihani migumu ya hesabu na fizikia. Walichokosa ni jambo dogo sana: kuishika betri kwa mikono yao wenyewe na kuona jinsi umeme unavyozunguka.

Sasa turudi nyumbani. Ukishuka matatu Kariobangi na kuelekea upande wa Kariobangi Light Industries, masikio yako yatapokewa na milio ya nyundo na misumeno ya vyuma. Macho nayo yatapigwa na cheche za mashine za kuchomelea. Hapa mageti, vitanda vya chuma na majiko hutengenezwa kutwa kucha, na kila kibanda kinategemea stima.

Katikati ya milio hiyo hupita mwanafunzi wa shule ya upili, sare mwilini na mkoba wa vitabu begani. Ndani ya mkoba mna kanuni ya Ohm, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na kupigiwa mstari. Mwulize kwa nini fundi hutumia waya mnene kwa mashine ya kuchomelea na mwembamba kwa balbu. Huenda akakodoa macho.

Ni dhahiri kwamba kati ya daftari na kibanda cha fundi kuna pengo. Makala haya yanahusu pengo hilo, na jinsi mwalimu, mzazi na mwanafunzi mwenyewe wanavyoweza kuliziba bila kungoja maabara ya mamilioni.

Jibu la kitendawili

Kwanza tulipe deni. Itazame vizuri balbu ya tochi. Ina sehemu mbili za kugusia umeme: nukta iliyo chini kabisa na ukuta wa chuma ulioizunguka shingo. Ndani yake, uzi mwembamba huunganisha sehemu hizo mbili.

Isimamishe balbu juu ya betri ili nukta yake iguse kichwa cha betri. Kisha chukua waya, ncha moja iguse kitako cha betri na ya pili iguse ukuta wa chuma wa balbu. Naam, balbu itawaka!

Siri ni kwamba umeme sharti uwe na njia ya kwenda na ya kurudi. Ukitoka betrini, upite ndani ya balbu na urudi betrini. Njia hiyo ikikatika mahali popote, hata kwa unene wa unywele, kila kitu husimama. Wataalamu huiita sakiti, na swichi si kitu kingine ila daraja la kuikata na kuiunganisha.

Mwanafunzi aliyegundua hili kwa vidole vyake hatalisahau. Aliyelinakili ubaoni huenda akalisahau kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Yanayofundishwa

Katika mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, fizikia ya shule ya upili huanza habari za umeme mapema. Kidato cha kwanza husoma umeme tuli pamoja na betri na sakiti nyepesi. Kidato cha pili husoma sumaku na jinsi mkondo wa umeme unavyozaa usumaku.

Kidato cha tatu hurudia mkondo kwa undani na kusoma jinsi umeme unavyozalisha joto. Katika kidato cha nne huja uzalishaji wa umeme kwa sumaku, stima ya majumbani na, mwisho kabisa, elektroniki.

Elektroniki ikiwa mkiani namna hiyo, ni rahisi iguswe harakaharaka mtihani ukiwa unabisha hodi. Ilhali ndilo somo linaloeleza simu iliyo mfukoni mwa kijana, redio ya nyanya na chaja iliyo ukutani.

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya fizikia ni ya vitendo, na ina alama 40 kati ya 200. Aghalabu mtahiniwa huhitajika kuunganisha sakiti, kusoma ammita na voltimita, kisha achore grafu. Anayeshika waya mara ya kwanza siku ya mtihani tayari amechelewa.

Mfumo huo sasa unaelekea ukingoni. Mtihani wa kwanza wa KJSEA wa mtaala mpya wa umilisi ulifanywa mwaka wa 2025, na KCSE ya 8-4-4 imepangiwa kufikia tamati 2027. Mtaala mpya unasisitiza vitendo, na wanafunzi wa shule za upili za juu huchagua mojawapo ya mikondo mitatu, ukiwemo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Lakini mtaala hata ukibadilishwa jina mara kumi, umeme haubadiliki. Usipoguswa hautaeleweka.

Makosa manne ya kawaida

Kabla ya mwalimu kumwaga maarifa mapya, yafaa ajue yaliyomo tayari kichwani mwa mwanafunzi. Watafiti wa New Zealand waliwauliza watoto maswali haya miaka ya mapema ya 1980, na waliyoyasikia yanafanana sana na yale utakayoyasikia katika darasa lolote la Nairobi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba waya mmoja unatosha, kama mfereji unaopeleka maji kwenye ndoo. Dawa yake ni kitendawili tulichoanza nacho.

Kosa la pili ni kudhani kuwa umeme hutoka pande zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, mgongano huo ukazaa mwanga. Mwambie mwanafunzi aweke ammita upande mmoja, kisha upande wa pili. Ataona mkondo ukielekea upande mmoja tu katika mzunguko mzima.

Kosa la tatu ndilo sugu zaidi: kwamba balbu "hula" mkondo, hivyo unaorudi betrini ni kidogo kuliko uliotoka. Hapa pia ammita ndiyo hakimu. Kipimo kabla ya balbu ni sawa na kipimo baada ya balbu.

Basi betri huisha kwa nini? Fikiria mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, mnyororo wote huzunguka kwa pamoja na hakuna pingili inayoliwa na gurudumu. Kinachopungua ni nguvu za miguu yako. Vivyo hivyo, mkondo huzunguka bila kupungua, ila nishati ya betri hugeuka kuwa mwanga na joto.

Kosa la nne ni kudhani kwamba betri hutoa mkondo ule ule daima, iunganishwe na nini iunganishwe. Sivyo. Mkondo huamuliwa na betri pamoja na kile ilichounganishwa nacho. Weka balbu mbili kwa mfuatano na zote mbili zitafifia. Ziweke sambamba, kila moja ikiwa na njia yake, na zote zitawaka vizuri, ila betri itaisha upesi.

Nyumba zetu huunganishwa kwa njia hiyo ya sambamba. Ndiyo maana ukizima taa ya jikoni, televisheni ya sebuleni haizimiki.

Mwalimu ana silaha moja nyepesi: kabla ya kila jaribio, kila mwanafunzi aandike anavyobashiri. Kisha watazame. Kisha waeleze kwa nini ubashiri ulitimia au ulikwenda kombo. Aliyebashiri vibaya na kuona kwa macho yake hujifunza maradufu.

Tangi la maji juu ya ghorofa

Maneno matatu huwatatiza wengi: volti, ampea na omu. Kwa mkazi wa Eastlands, mfano uko juu ya paa.

Tazama tangi la maji lililo juu ya jengo la ghorofa. Tangi likiwa juu zaidi, maji hushuka kwa msukumo mkubwa zaidi. Msukumo huo ni kama volti. Kiasi cha maji kinachopita mferejini kwa kila sekunde ni kama ampea. Wembamba wa mfereji unaoyazuia maji ni kama omu, yaani ukinzani.

Hata hivyo, mwalimu mwema huonyesha pia mahali mfano unapovunjika. Mfereji ukikatika, maji humwagika barabarani. Waya ukikatika, umeme haumwagiki, husimama tu.

Uhusiano wa mambo haya matatu ndio kanuni ya Ohm: volti ni sawa na ampea mara omu. Betri moja ya volti 1.5 ikiunganishwa na kikinzani cha omu 10, mkondo utakuwa ampea 0.15. Ongeza betri ya pili ziwe volti 3, na mkondo utapanda hadi ampea 0.3. Mwanafunzi akipima mara tano na kuchora grafu, atapata mstari ulionyooka.

Akirudia kwa balbu badala ya kikinzani, mstari utapinda, kwa sababu uzi wa balbu ukipata moto ukinzani wake huongezeka. Hilo ni somo jingine: si kila kitu hutii kanuni hiyo.

Mwana wa mhunzi

Vijana wengi hudhani kanuni hizi zilishushwa na watu wa nasaba kubwa. La hasha.

Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827, alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, na baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Vyombo vingi vya majaribio alijitengenezea mwenyewe. Wasomi wa nchini mwake walimpuuza kwa miaka, hadi mwaka wa 1841 alipotunukiwa nishani ya Copley huko Uingereza.

Michael Faraday, Mwingereza aliyegundua mwaka wa 1831 kwamba sumaku inayosogea karibu na waya huzalisha umeme, alikuwa mwana wa mhunzi. Masomo yake ya shule yalikuwa haba, na ujana wake aliupitisha akijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alivisoma vitabu alivyovijalidi.

Wahenga walinena: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika Kariobangi, watoto wa mafundi wamejaa tele. Huenda wana mwanzo mzuri kuliko wanavyofikiri.

Na umeme wenyewe si mgeni katika pwani yetu. Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya Kenya Power, yote yalianza na jenereta iliyonunuliwa mwaka wa 1875 kuangaza jumba la Sultani Barghash wa Unguja. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliihamishia Mombasa. Mwaka huo huo Nairobi pia ikaanza kupangiwa stima yake.

Maabara ya takataka

Sasa tuingie kazini. Darasa la wanafunzi 50 likigawanywa makundi ya watu watano, yahitajika makundi kumi. Betri 20, balbu ndogo 20 na mita chache za waya zatosha kwa majuma kadhaa ya masomo. Swichi hukatwa kutoka mkebe wa bati, na kishikio cha balbu hutengenezwa kwa kifuniko cha chupa.

Mengine yote yako mitaani. Redio zilizokufa, chaja zilizoungua na mashine za DVD zilizotupwa zina vipuri vingi vilivyo hai. Ambavyo havipatikani, vijana wa Nairobi wanajua njia ya kwenda Luthuli Avenue.

Haya hapa majaribio manne yasiyogharimu pakubwa.

La kwanza ni betri ya limau. Choma ndani ya limau msumari wa mabati, ambao umepakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba. Limau moja hutoa karibu volti moja. Unganisha matatu au manne kwa mfuatano na taa ndogo ya LED nyekundu itamulika kwa mbali. Mwitaliano Alessandro Volta alitumia wazo hilo hilo mwaka wa 1800 alipounda betri ya kwanza kwa metali mbili na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Limau lililotumika litupwe. Halifai tena kuliwa.

La pili ni sumaku ya umeme. Zungusha waya wenye ganda la plastiki mara 50 kwenye msumari mkubwa, kisha gusisha ncha zake kwenye betri. Msumari utainua pini. Achilia waya na pini zitaanguka. Usishikilie kwa muda mrefu, kwani waya hupata moto na betri huisha.

La tatu ni kuzalisha umeme. Ng'oa mota ndogo kutoka mashine kuukuu ya DVD, uunganishe miguu yake na LED, kisha uzungushe kijiti chake kwa kasi. Taa ikikataa, geuza miguu ya LED ujaribu tena. Taa itakapomweka, mwambie mwanafunzi kwamba mitambo ya mabwawa ya mto Tana na ile ya mvuke ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981, hufuata kanuni hiyo hiyo ya Faraday. Kilichobadilika ni ukubwa na kile kinachozungusha.

La nne latufikisha kwenye elektroniki yenyewe. LED ni aina ya dayodi, yaani mlango unaoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mguu mrefu huelekea upande wa chanya. Ukigeuza, haiwaki.

Lakini usiiunganishe moja kwa moja na chaja ya simu ya volti 5, kwani itaungua. LED nyekundu huhitaji karibu volti 2 na mkondo wa miliampea 20. Volti 3 zinazosalia sharti zizuiwe na kikinzani. Gawanya 3 kwa 0.02 na utapata omu 150. Kikinzani hicho kina mistari ya rangi ya kahawia, kijani na kahawia. Hapo kanuni ya Ohm imekoma kuwa wimbo wa darasani. Imekuwa kifaa cha kazi.

Dayodi hizo hizo ndizo zilizo ndani ya chaja. Stima ya ukutani hubadilisha mwelekeo, ikienda na kurudi mara 50 kila sekunde. Simu inataka mkondo wa upande mmoja. Dayodi nne zikipangwa vizuri huunyoosha mkondo huo.

Kutoka dayodi hadi transista si safari ndefu. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1947, huruhusu mkondo mdogo kuamuru mkondo mkubwa. Ndiyo inayoamsha taa ya usalama giza linapoingia, na ndiyo inayokuza sauti redioni. Vijana wa Korogocho, jirani wa Kariobangi, walipoanzisha kituo cha Koch FM mwaka wa 2006 ndani ya kontena, mitambo yao ilisimama juu ya vipuri vya namna hii.

Stima ya nyumbani

Mzazi asidhani kwamba somo hili ni la watoto peke yao. Linahusu mfuko wake.

Uniti moja ya tokeni ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30 hutumia uniti 9. LED ya wati 9 kwa muda huo hutumia uniti 1.35. Mpe mwanao kazi ya kuhesabu kila kifaa cha nyumbani. Itakuwa mazoezi ya hesabu, na huenda tokeni zikadumu zaidi.

Sasa hesabu ya pili. Birika la wati 2,400 kwenye stima ya volti 240 huvuta ampea 10. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Ukiviunganisha vyote kwenye waya mmoja wa kurefusha, utakuwa unavuta ampea 15, ilhali fyuzi ya plagi ni ya ampea 13.

Fyuzi ikikatika, kuna wanaoibandua na kuweka msumari. Hao wamemfukuza askari na kumwachia mwizi mlango. Mkondo ukiongezeka maradufu katika waya, joto huongezeka mara nne. Ganda la plastiki huyeyuka, godoro hushika moto, na katika nyumba za mabati zilizobanana moto hauulizi nani alikosea.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu kuhusu fundi wa kuchomelea. Mashine yake huvuta mkondo mkubwa, na waya mwembamba ungegeuka kuwa jiko.

Suala la uhai

Msomaji, hapa tusitafune maneno. Kuna vitongoji ambako stima ya "sambaza" hupita juu ya mapaa na hata chini ya matope. Waya zake ni nyembamba, hazina fyuzi wala waya wa ardhini, na viungo vyake hufungwa kwa karatasi ya plastiki. Waya kama huo ukichubuka na kugusa ukuta wa mabati, nyumba nzima hugeuka kuwa mtego.

Mwanafunzi anaweza kuihesabu hatari hiyo. Mwili uliolowa maji unaweza kuwa na ukinzani wa karibu omu 1,000. Volti 240 zikigawanywa kwa 1,000 ni miliampea 240. Miliampea 10 tu zaweza kuikaza misuli mtu ashindwe kuachilia waya. Miliampea 100 zaweza kuuvuruga moyo hadi usimame.

Yaani mkondo usiotosha kuwasha vizuri baadhi ya balbu za tochi unatosha kumwua mtu. Kinachoua si ukubwa wa cheche bali njia ambayo umeme umeipata.

Kwa hesabu hiyo hiyo, betri mbili za volti 3 haziwezi kupitisha zaidi ya takriban miliampea 3 mwilini, na kwenye ngozi kavu ni kidogo zaidi. Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya somo hili ni moja: majaribio ni ya betri, kamwe si ya soketi.

Sheria nyingine si nyingi. Usifungue televisheni ya zamani yenye kioo kinene, kwani vipuri vyake huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Usitoboe betri ya simu, hulipuka moto. Usichome nyaya ili kupata shaba, kwani moshi wake ni sumu. Anayelehemu afanye hivyo penye hewa na anawe mikono kabla ya kula, maana lehemu nyingi zina risasi.

Na betri za gari zisivunjwe. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, kisa kilichofika mahakamani na kuamuliwa kwa faida yao mwaka wa 2020.

Ukimwona mtu amenaswa na stima, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Usipoifikia, simama mahali pakavu na umwondolee waya kwa mti mkavu, kisha uite usaidizi. Ikiwa hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua mara moja. Watoto wetu wafundishwe hili pamoja na kanuni ya Ohm, kwa kipindi kimoja.

Wajibu wa kila mmoja

Mwalimu asione haya kumwalika fundi wa mtaa darasani. Fundi ana mikono iliyojua; mwalimu ana lugha ya kueleza kwa nini. Wakikutana, mwanafunzi hufaidi pande zote mbili, na fundi naye huondoka na jambo.

Mzazi asimgombeze mtoto aliyefungua redio iliyokufa. Amwulize amepata nini ndani. Na iwapo redio hiyo ingali hai, basi amtafutie iliyokufa.

Wasichana nao wasiachiwe kazi ya kuandika matokeo huku wavulana wakishika nyaya. Kila mmoja katika kundi aunganishe sakiti kwa zamu. Umeme hauna habari na aliyeushika ni nani.

Kwako mwanafunzi, usingoje maabara. Nenda dukani kwa ruhusa ya wazazi, ununue betri mbili na balbu. Uwe na daftari la mambo unayobashiri na unayoyaona. Ukikwama, mwulize mwalimu. Ukikwama tena, pitia kibanda cha fundi baada ya masomo. Mtihani utakapofika, utaikuta sakiti ni rafiki wa siku nyingi.

Mafundi wetu waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa, utosi ukichomwa na jua. Mchumia juani, wasema waswahili, hulia kivulini. Kijana wa Kariobangi anayejifunza leo kwa nini balbu inawaka, na kwa nini waya unaua, ameanza kukijenga kivuli hicho.

Betri iko wapi?